Chaki Mfukoni

Jumamosi ile, kama kila Jumamosi, niliandika majina ya wachezaji kwa chaki kwenye ubao wa kilabu cha Mama Bahati. Kijiji chetu kilikuwa upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, na neno kilabu lilitutosha kwa mambo mawili: banda la pombe ya ndizi, na timu iliyovalia jezi zake humo bandani. Lugha ya mpira tuliipata redioni, kutoka Tanzania, ng'ambo ya maji. Kwa hiyo juu niliandika KIKOSI, kisha WALINZI, kisha VIUNGO, kisha WASHAMBULIAJI. Nilikuwa mwalimu wa darasa la pili, kijana wa miaka ishirini na minne, mwenye mwandiko niliojivunia kupita kiasi.

Mama Bahati, ambaye hakuwahi kukaa darasani, alifuata mistari kwa kidole.

"Mwalimu, mwanangu yuko wapi hapo?"

"Kwa walinzi, mama."

"Mtoe. Huko nyuma anasinzia kama baba yake. Mpeleke mbele."

Watu walicheka, na Bahati alicheka kuliko wote. Nikamfuta, nikamwandika upya kwa washambuliaji.

Tulikuwa tumesikia kwamba vita vimefika milimani. Tukajiambia kuwa vitafuata barabara kuu, na kwetu barabara haikuwapo.

Watu wenye silaha waliingia Jumapili mchana, tukiwa tumekaa kungoja mechi. Kiongozi wao alisoma ubao polepole, kwa Kiswahili cha jeshini.

"Kikosi. Walinzi. Washambuliaji." Akatugeukia. "Mnamshambulia nani?"

"Kijiji cha jirani," alijibu mzee mmoja kwa ukweli kamili. "Leo saa kumi."

Hakuna aliyecheka.

"Nani ameandika?"

Chaki ilikuwa mfukoni mwangu.

"Mimi," alisema Mama Bahati.

Alipewa kipande cha mkaa. "Andika jina lako."

Alikishika kwa ngumi nzima, kama mchi. Mkono ulifika ubaoni, ukakaa hapo.

Nilijua la kufanya. Sikulifanya.

"Mwacheni mama yangu," alisema Bahati. "Niliandika mimi."

Akaandika jina lake chini ya lile nililoliandika mimi. Miandiko haikufanana hata kidogo. Kiongozi hakutazama.

Walimchukua. Hakurudi, na kaburi hatuna.

Leo, miaka mingi baada ya kuvuka ziwa kukimbia vita, nachapa majina na namba kwenye jezi, hapa Kariakoo. Wiki iliyopita kocha wa timu ya mtaa aliniletea fulana kumi na moja.

"Mwalimu, shikamoo. Mgongoni weka KIKOSI CHA MAUAJI. Wakituona tu, wamekwisha."

"Marahaba. Nitaweka jina na namba."

"Si utani tu, Mwalimu?"

"Utani husomwa pia na asiyeujua."

"Haya bwana, yaishe. Ila namba tisa iwe kubwa."

Alipoondoka nilikaa na fulana hizo bila kuwasha mashine. Kwa miaka mingi nimesema kwamba Bahati aliuawa na neno. Kauli hiyo ilinifaa, ndiyo maana niliitunza. Neno halikuwa na hatia. Lilisomwa vibaya, na alikuwapo mtu aliyeweza kusimama akasema: hii ni timu ya mpira, na mwandishi ni mimi. Pengine wangenichukua badala yake. Pengine wangetuchukua wote wawili. Haikuwa haki yangu kupiga hesabu hiyo kwa uhai wa mwingine.

Mama Bahati sasa anaishi Kigamboni. Kila Jumapili navuka kwa kivuko pale Magogoni kwenda kumsalimu, na huniita mwanangu. Anajua ni nani aliyeandika ubaoni. Kidole chake kilikuwa juu ya maandishi yangu. Asichowahi kusikia ni mimi nikikiri.

Jumapili hii nitavuka na karatasi hii niliyoandikia haya yote. Kusoma hajui hadi leo. Nitamsomea mimi, kwa sauti, kuanzia chaki ilipokuwa.