Fundi Anayegonga Ukuta

Fundi wa mashine ya kupasha joto na kupoza nyumba hatoboi ukuta kabla hajaugonga kwa kidole, sikio kalibandika kama jirani mbea. Juu ya kiti cha babu akagonga, akatabasamu: "Mzima kama jino. Tunafunga hapa."

"Bibi, magoti yako sasa yataacha kulalamika," nikamtania.

Bibi akakaza macho kwenye lile doa jeusi ambalo marehemu babu aliliacha hapo ukutani kwa miaka ya kuegemeza kichwa akisinzia, redio ikiongea peke yake. Fundi akamtazama bibi, akalitazama doa, akagonga tena taratibu.

"Aa, nimekosea. Ukuta hapa mbovu, tuhamie kule."

Kule bomba likahitajika refu maradufu. Akalikunja akipiga mluzi.

"Muongo wewe, mwanangu," bibi akamwambia, akanitoa jikoni ili amchemshie chai kwa mkono wake mwenyewe.