Jina la Mtani kwenye Orodha ya Manowari

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya ofisi moja hapa Morogoro mjini. Mbele yangu alisimama mzee aliyeshuka kutoka Uluguru, kofia mkononi. Ofisi hiyo inataka kubandika ukutani historia ya manowari moja ya Waingereza iliyozama Vita vya Kwanza vya Dunia, mizinga yake ikaopolewa na kuburutwa nchi kavu. Chini yake yatakuwepo majina ya wapagazi walioibeba mizinga hiyo, na mzee alitaka la babu yake.

Binti wa kaunta akasoma karatasi. Manowari iliundwa wapi, ilipita bahari zipi, nahodha alikuwa nani, yote yamo. "Ila babu yako hayumo, mzee wangu."

"Yumo. Alipoandikishwa, badala ya jina lake alitaja la mtani wake wa ukoo mwingine. Alisema akifa huko, matanga yakaliwe kwa mtani."

Tukacheka, mimi kuliko wote. Kumbe mjukuu wa mtani alikuwa kwenye benchi. "Wezi wakubwa nyie! Babu yangu kafia kitandani, hajabeba hata kuni!"

"Na wangu hakurudi," mzee akasema. "Habari ya kifo ililetwa kwa babu yako, naye amekaa anakunywa uji."

Mjukuu wa mtani akasogea kaunta. "Binti, futa jina letu, andika lao."

"Siwezi. Orodha imetoka Uingereza."

Mzee akavaa kofia, akaondoka.

Manowari imezama, lakini safari zake zote zinajulikana. Aliyebeba mizinga yake atasomwa ukutani kwa jina la mtu aliyebaki nyumbani.