Siku Niliyomsifu Nafula kwa Bei ya Gari

Mkiniona siku hizi kwenye mazungumzo ya mahari nimekaa nyuma karibu na mlango, chai mkononi, mdomo nimefunga, msidhani nimeokoka. Ni aibu, bana, na bado inaniwasha.

Mimi nauza magari yaliyotumika hapa Kitale. Wateja wakikosekana nashinda kwenye simu nikisoma habari za zile gari za matajiri, zile kampuni inatengeneza kumi tu dunia nzima halafu basi. Majina yake nayajua yote, mpaka zile herufi za mwishoni, na najua ni ipi waliiita ya mwisho halafu wakatengeneza nyingine, bei ikashuka, walionunua wakalia. (Sijawahi kugusa hata moja.)

Sasa ndugu yangu Barasa alitaka kumuoa Nafula wa Chwele, mjane mwenye mtoto mmoja. Alikuwa amengoja sana, maana nyumbani kwao waliogopa binti yao atadharauliwa huku kwetu. Siku ya kwenda kwao kuzungumza mahari, mjomba Simiyu aliyekuwa atusemee akaamka sauti imekauka kabisa, wazee wakaulizana nani ataongea, na mimi (nani alinituma?) nikainua mkono.

Baba yake Nafula akaanza pole pole, akasema hataki binti yake ahesabiwe kuwa wa chini ati kwa sababu aliwahi kuolewa. Nikajua haya ndiyo mambo yangu, nikasimama.

"Mzee, gari ya kawaida ukishaitumia, bei inaanguka. Lakini kuna zile chache, zenye jina, hizo hata zikishatumika, zikiuzwa tena zinashinda mpya. Sasa Nafula si ndiyo hiyo!"

Mjomba akanikanyaga mguu. Nikadhani hawajaelewa, kwa hivyo (Mungu anisamehe) nikaendelea, nikawaeleza kwamba mnunuzi anachouliza tu ni mwenyewe wa kwanza aliitunza namna gani.

Nyuma ya pazia mama yake Nafula akaanza kulia. Baba akaweka kikombe chini.

"Rudini kwenu," akasema.

Barasa alinitazama tu, macho yamejaa machozi, na hapo nilitamani ardhi inimeze. Tulikuwa tushainuka wakati Nafula alitoka ndani, hakupiga kelele, akasimama mbele yangu.

"Shemeji, huyo mwenyewe wa kwanza alikuwa mtu. Aliitwa nani?"

Mimi huyu, mwenye majina ya gari zote za watu wa mbali, hilo moja sikulijua. Sikuwa nimewahi kuuliza.

"Masinde," Barasa akasema nyuma yangu. "Kila Desemba tunaenda na mtoto kule Matulo kupalilia kaburi lake."

Mzee akamwelekezea Barasa kidole.

"Huyu akae," akasema. "Yule wa magari atoke."

Nikatoka. Nilikaa kando ya zizi mpaka jioni, nikisikia sauti zao ndani, na baadaye nikasikia wanafunga kwa maombi, nikajua wameelewana. Hakuna aliyeniletea chakula na sikulaumu mtu.

Gari bado nazisoma, siwezi kuwadanganya. Lakini kumsemea mtu mbele ya wakwe, sitarudia. Na nikiingia boma la watu siku hizi, kabla sijakaa, nauliza kwanza majina ya watu wao waliozikwa.