Breki za Kushuka Timau

Baada ya mke wangu kufariki, niliendelea kuendesha gari yetu ya mbio, ile ndogo yenye viti viwili. Siku moja nikishuka kutoka Timau, breki zilipata moto kupita kiasi, pedali ikazama, nikafika Isiolo kwa bahati.

Fundi wangu wa mtaa wa Chechelesi, mjini humo, aliniwekea breki za aina mbili mezani. Kulikuwa na pedi za mashindano, ambazo hazishiki vizuri mpaka zipate moto, na diski kubwa zenye pedi za barabarani, zinazoshika hata asubuhi ya baridi na hazichemki upesi mteremkoni.

"Mzee, huwa unabeba nani?" aliuliza.

"Sibebi mtu siku hizi."

Alijifuta mikono polepole. "Basi chukua hizi diski. Mtu akiwa peke yake njiani, asingojee breki zipate moto."

Nikazichukua. Jumapili nilipanda Timau nikarudi. Kwenye mteremko ng'ombe walikatiza ghafla. Nilikanyaga, gari ikasimama palepale. Ndipo nikaona mkono wangu wa kushoto umenyooka, umekinga kiti cha pembeni, kama ulivyozoea. Mwenye ng'ombe alinipungia akaswaga wanyama wake. Barabara ilibaki wazi, nami bado nimeunyoosha ule mkono.