Uso wa Chipu Mpya

Tak Bo-ram alijaliwa uso ambao mama yake hakuchoka kuusifia sokoni, kisha akaenda kuajiriwa mahali ambapo uso hauna kazi. Katika kiwanda cha chipu za kompyuta cha Pyeongtaek, Korea Kusini, mtu huvaa ovaroli jeupe, kofia inayoshuka hadi shingoni, barakoa na glavu mbili mbili, na kinachobaki nje ni macho tu. Vipodozi ni marufuku. Chembe moja ya poda ikidondoka mahali pasipotakiwa, sahani nzima ya silikoni, na chipu zake zote, imekwenda na maji. Kwa hiyo wasichana hunawa uso kabla ya zamu mpaka mashavu yanawaka.

Kabla ya hapo Bo-ram alikuwa mwanagenzi wa uimbaji huko Seoul, miaka saba mizima. Alilala chumba kimoja na Ok Da-hye, aliyekuwa mdogo wake kwa mwaka mmoja, na kwao mwaka mmoja si mchezo: Da-hye alimwita dada, hakuthubutu kumtaja kwa jina tupu. Bo-ram ndiye aliyemfundisha kupumua huku akicheza, na ndiye aliyempikia tambi kwa siri siku walizokatazwa kula. Lakini kutangulia si kufika. Kundi lao la waimbaji lilipokaribia kutambulishwa, wakubwa wa muziki wakasema Bo-ram amezeeka. Alikuwa na miaka ishirini na miwili! Siku anafungasha, Da-hye alimng'ang'ania mlangoni akilia.

"Dada, nitakutafuta. Nikifika tu, nitakutafuta."

Hakumtafuta. Wahenga husema aliye juu mngoje chini. Bo-ram alingoja, na aliye juu akazidi kupaa.

Mwaka huu kampuni ya chipu ikamchagua Da-hye awe uso wa chipu yake mpya. Picha yake ikatundikwa kituo cha treni, pana kama ukuta wa ghala, na vijana wakawa wanapanga foleni kupiga picha chini ya kidevu chake. Likaja tangazo kwamba filamu ya kuinadi chipu hiyo itapigwa kiwandani, katika chumba cha kufundishia wageni wa kazi, na wafanyakazi wachache watasimama nyuma ya nyota. Bo-ram alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Hakutaka umaarufu, huo alikwisha kuuzika na matanga akamaliza. Alitaka jambo moja tu, Da-hye amtazame na kumwita dada mbele ya watu, ili ile miaka saba iwe kweli ilikuwepo.

Asubuhi hiyo akapaka wanja. Ovaroli lingeficha kila kitu, basi macho yaseme. Aliuchora mstari kama alivyozoea kumchora Da-hye kabla ya majaribio, ukipanda kidogo pembeni. Mlangoni akakutana na Bwana Pyo, msimamizi wa zamu.

"We Bo-ram, hebu nitazame. Nini hicho machoni?"

"Wanja, mkuu. Leo si kazi, ni picha."

"Ovaroli umevaa, hujavaa?"

"Nimevaa."

"Basi ni kazi. Kanawe."

"Mkuu, mle hamna hata chipu moja! Mashine zenyewe zimekufa, za kufundishia tu."

"Mkono una mazoea, binti yangu. Leo utaingia nao humu, kesho utajisahau uingie nao kule ndani. Kanawe, usinitafutie balaa."

Alipokuwa akisugua macho kwenye sinki, Da-hye akapita na wasaidizi wake. Alikuwa na ovaroli hilo hilo jeupe, kofia kaitupa nyuma, nywele zimemwagika mabegani, midomo myekundu, kope za bandia ndefu kama ufagio. Bwana Pyo akainama nusura paji liguse goti.

"Na huyo je, mkuu?" Bo-ram akauliza, maji yakimchuruzika.

"Huyo hafanyi kazi. Huyo anaitangaza."

Ndani, Da-hye aliwainamia wote kwa pamoja. "Asanteni kwa kazi ngumu," akasema, kama wanavyofundishwa. Macho yake yakapita juu ya macho ya Bo-ram kama anayepita mbele ya kabati. Bo-ram alijuta kuja.

Mwongozaji akamnyooshea kidole. "Wewe mrefu, kaa kushoto kwake. Geuka taratibu, simama."

Bo-ram akageuka, akasimama. Mwili ulikuwa haujasahau. Da-hye akaganda, sentensi yake ikamkatikia mdomoni. Upigaji uliposimamishwa ili taa zirekebishwe, akasogea, kiganja mdomoni.

"Dada?"

"Ni mimi."

"Dada Bo-ram. Jamani, dada yangu!"

Machozi yalimlenga, na hayakuwa ya tangazo. Kwa kitambo kidogo Bo-ram alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Pyeongtaek. Kisha Da-hye akageuka kutazama watu wake, akashusha sauti.

"Dada, nakuomba. Wakubwa wangu wametangaza kwamba niliokotwa tu, nauza viatu, nikafunzwa miezi minane nikaiva. Mashabiki wananipendea hilo. Ikijulikana ile miaka saba, nimekwisha. Usimwambie mtu kwamba ulinijua. Nakupigia magoti, dada."

Bo-ram akashukuru barakoa kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Hakuna cha kusema, mheshimiwa," akamjibu kwa lugha ya heshima, ile ambayo mkubwa haitumii kwa mdogo wake. "Mimi sikujui."

"Asante, dada. Asante sana."

Kukataliwa angekuvumilia. Ile asante ndiyo iliyommaliza.

Tangazo lilipoanza kuonyeshwa, mama yake, muuza kimchi, ile kabichi ya kuchachushwa, huko Gunsan, akapiga simu huku soko likipiga kelele nyuma yake.

"Mwanangu! Yule wa kushoto si wewe? Nimewaambia wenzangu wote hapa. Usimamaji wa mwanangu nitaukosea mimi niliyemzaa?"

"Siyo mimi, mama."

"Una hakika?"

"Tukishavaa, wote tunafanana."

"Haya," mama akasema, sauti imemshuka. "Basi ngoja nikawaambie nimekosea."