Mgeni wa Sahani ya Tatu

Uamini usiamini, hilo ni lako. Sikusimulii ili unisifu. Nakusimulia kwa sababu yalinikuta mimi mwenyewe, jua likiwa bado linawaka, akili zangu timamu na mwiko mkononi. Sikuwa nimelala, sikuwa na homa, na pombe sinywi. Na kabla hujauliza, hapana, sikuwa mtu wa kuamini mambo haya. Nimetunza wazee huku Sydney miaka na miaka, nimefumba macho ya marehemu wengi kwa mkono wangu huu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi kunisumbua. Wafu sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na mtu aliye hai, na anaitwa Furaha.

Furaha ni Mkongo wa Uvira. Alifika hapa kutoka kambi ya wakimbizi, yeye na mume wake na begi moja, tukakutana kanisani Liverpool, kitongoji cha hapa hapa Sydney. Mimi ni Mtanzania wa Morogoro. Yeye alikuwa anacheka Kiswahili changu, mimi nacheka chake, tukaelewana hivyo hivyo. Nilimfundisha kupanda treni. Nilimtafutia shifti zake za kwanza. Siku uchungu ulipomshika, mume yuko kazini, ni mimi niliyempa mkono wangu aung'ang'anie mpaka mtoto akatoka. Mtoto yule wakampa jina langu, akawa somo yangu, na mimi nikawa simwiti vingine ila Somo. Furaha mwenyewe akaniita Yaya, maana kwao dada mkubwa ndivyo anavyoitwa. Hapa mtaani kwetu Guildford watu walidhani tumezaliwa tumbo moja, na sikuwahi kumsahihisha mtu. Undugu ni kufaana, si kufanana, au siyo?

Sasa nisikilize. Mwaka mmoja kabla ya haya, Furaha na mume wake walikodi gari-nyumba, yale magari yenye vitanda, jiko na choo humo humo ndani, wakaenda kutembea jangwani. Waliporudi, mambo yakageuka. Furaha akakonda. Nyumba yake ikawa na baridi hata wakati wa joto kali. Ukiingia kumsalimu, hukai. Unajiona umezidi pale ndani, kama kiti chako kina mwenyewe, unaaga. Mume akahamia Perth, akasema ni kazi. Na mezani kwa Furaha hapakukosa sahani moja ya ziada. Nilipomwuliza, akasema ni mazoea. Nikaona huu ni upweke wa mwanamke aliyeachwa, nikamhurumia. Somo akawa anakuja kwangu kila Jumamosi nimsuke, maana alikuwa ameanza kuongea peke yake, na kwao hataki kulala.

Ndipo siku moja Furaha akaja kwangu.

"Yaya, twende tutembee jangwani. Weye na miye tu. Tangu ufike hii inchi unajua treni na kazi, basi. Motokari nimesha kodi."

Alilia alipokuwa ananiambia hayo. Machozi kabisa. Nikamkumbatia, nikamwambia pumzika mdogo wangu, tutakwenda. Somo tukamwacha kwa mama mmoja wa kwaya.

Nisikudanganye, mwanzo wa safari ulikuwa mtamu. Kwenye kona ya kwanza tu makabati yalifunguka, tukanyeshewa sufuria, vikombe na mchele. Tulikuwa hatujui kwamba gari-nyumba hufungwa kila kitu kabla ya kuondoka. Tulicheka mpaka Furaha akasimamisha gari pembeni. Tukavuka milima, tukapita Dubbo, tukapita Cobar, na kila tulivyoenda magharibi nyumba zikapungua, miti ikafupika, ardhi ikawa nyekundu. Vimji vya huko vina kituo kimoja cha mafuta, baa moja, na choo cha umma kisafi kuliko cha kwangu. Kisha unaendesha nusu siku huoni kitu isipokuwa kangaruu waliogongwa na lori. Nilikuwa najiuliza, hivi wazungu hawa, mtu ana nyumba nzuri ya matofali, anaiacha aje kulala ndani ya gari? Lakini nilipoona jua linavyozama kule Broken Hill, nikanyamaza.

Kitu kimoja tu kilinikera. Kila nikipakua chakula, Furaha anatoa sahani tatu.

"Kwani tuko wangapi?" nikamwuliza.

"Mazoea, Yaya. Kula tu."

Mahali fulani tulipopiga kambi, mzee mmoja wa Kizungu alikatiza na mbwa wake wakati tunakula. Nilivyolelewa mimi, mtu hapiti mbele ya chakula chako ukanyamaza. Nikampungia mkono, karibu, karibu! Kwetu anayekaribishwa husema asante, nimeshiba, anapita zake. Yule hakuyajua hayo. Aliketi, akala chapati mbili na mchuzi, na mbwa akapata mfupa. Furaha alikuwa ananitazama tu.

"Yaya," akasema mzee alipoondoka, "weye hata nyoka ungemukaribisha."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Siku iliyofuata tuliingia kwenye hifadhi moja ya jangwa ambako hapakuwa na mtu mwingine. Hakuna hema, hakuna gari, hakuna nyaya za umeme. Ni mchanga mwekundu, vichaka vikavu na nzi. Ilikuwa alasiri. Furaha akasema anakwenda kunyoosha miguu na kupiga picha, mimi nipike, nifunge mlango nzi wasiingie. Nikafunga ule mlango wa wavu, nikawasha jiko, nikaanza kukaanga vitunguu.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya upole, ya jirani aliyekuja kuomba chumvi.

Sasa niambie wewe. Ungefanya nini? Huku Sydney watu wanabonyeza kengele, au wanakutumia ujumbe kwamba wako nje. Ukimtoa Somo, sijui ni lini mara ya mwisho nilibishiwa hodi. Mdomo ulijibu kabla kichwa hakijafikiri. Na si mdomo tu, moyo wangu wote ulijibu. Niliona raha, nikuambie kweli, nikajiona niko Morogoro kwa mama yangu.

"Karibu!" nikasema. "Karibu ndani, sukuma tu mlango!"

Gari likainama kidogo, kama linavyoinama mtu akikanyaga ngazi yake. Akaingia. Mama wa makamo, kitenge kiunoni, vumbi mpaka magotini. Akaketi mezani, mbele ya sahani ile ya tatu, akashusha pumzi.

"Asante, mwanangu. Nimesimama sana."

Vitunguu vikaungua. Nilikuwa nimesimama pale na mwiko wangu, na baridi ilikuwa inanipanda kuanzia nyayo. Maana hapo ndipo kichwa kilipoufikia mdomo. Kiswahili? Huku? Ametokea wapi? Nikachungulia nje. Mchanga wa kule unaonyesha kila kitu, hata mjusi akipita. Nyayo za Furaha zilikuwepo, zinakwenda mbali. Na nyayo nyingine, za miguu mitupu, zilianzia kwenye ngazi yetu, zikazunguka gari mara moja, zikarudi kwenye ngazi. Umenielewa? Hakutoka popote. Tulikuwa tumesafiri naye tangu Sydney. Alichofanya ni kutoka nje ili apige hodi upya.

Nikaruka chini, nikakimbia. Furaha alikuwa amesimama karibu na kichaka, simu haikuwa hata mkononi. Hakuwa anapiga picha yoyote.

"Umesema karibu?" akaniuliza.

"Furaha, yule ni nani?"

"Umesema, Yaya?"

"Nimesema! Yule ni nani?"

Akakaa kwenye mchanga, akafunika uso. Yale mabega yaliyokuwa yamekakamaa mwaka mzima nikayaona yanalegea mbele ya macho yangu.

"Sijue. Mwaka jana nilikuwa napika, hapa hapa. Akapiga hodi, nikazania ni sauti ya mama yangu." Mama yake alifia kambini. "Nikasema karibu. Akanifwata mpaka nyumba. Bwana yangu akashindwa, akatoroka. Nikavumilia. Lakini Yaya, akaanza na mutoto. Asubui moja nikamukuta anamusuka nywele."

"Kwa nini mimi?"

"Kule mu muji hatoke. Anapigaka hodi tu fasi kama hii, yenye mulango ni mumoja, nyumba ingine hakuna. Na mutu anapashwa kusema karibu na roho safi, bila kujua." Akaniangalia. "Kati ya batu bote, ni weye tu nilijua hautauliza ni nani."

Yaani wema wangu ndio ulionifanya nifae. Mwaka ule mzima alikuwa anaupima, akaona unatosha.

"Ungeniomba," nikamwambia. "Kwa ajili ya Somo ningekubali. Ungeniomba tu, Furaha!"

"Ungekubali na woga. Hangetoka kwangu."

Labda ni kweli. Mimi nilichojua ni kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hiyo niliivaa mwenyewe, tena kwa kujivunia. Sikumpiga. Nilitamani, Mungu anisamehe, lakini nilirudi garini kwa sababu jangwani hakuna pengine pa kwenda. Yule mama alikuwa bado ameketi. Alikuwa ananisubiri nipakue.

Unajua kilichoniuma zaidi ni nini? Si yule mgeni. Ni kwamba jioni ile Furaha alikula. Alikula sahani mbili, kisha akapanda kitandani akalala fofofo, anakoroma, mtu ambaye kwa mwaka mzima nilikuwa nambembeleza ale na alale. Mimi nilikaa mezani mpaka kunakucha, uso kwa uso na mgeni wangu. Njia nzima ya kurudi hatukusemeshana. Aliponishusha Guildford alisema, "Asante, Yaya." Nilifungua mlango wa nyumba yangu, nikasikia mtu anaingia nyuma yangu.

Bado yuko. Anakaa kwenye kiti cha karibu na dirisha. Hapigi kelele, havunji kitu, hanidhuru. Uso wake, ukiniambia nikueleze ulivyo, siwezi, ingawa naishi naye. Nikigeuka tu, nimeusahau. Mchungaji amekuja akaomba sana, akatetemeka kwa baridi, akaaga kabla chai haijaiva. Wanakwaya waliacha kuja mmoja mmoja. Sasa wanasema nimekuwa na maringo, nimekuwa mzungu, mtu anabonyeza kengele sifungui. Wacha waseme. Furaha amenenepa. Mume wake amerudi kutoka Perth. Kanisani anakaa kule mbele, nami nimehamia nyuma, na tukikutana mlangoni anatazama viatu vyake.

Lakini hayo yote ningeyavumilia. Lililonivunja ni Jumamosi moja, mwezi uliopita. Nilikuwa jikoni nikasikia vidole vidogo mlangoni.

"Hodi!"

Ilikuwa Somo. Nilimfundisha mwenyewe, ukifika kwa mtu piga hodi, usikimbilie kitasa. Huyo ni mtoto ambaye ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, lakini neno hilo alilishika. Nikachungulia kwa pembeni ya pazia. Gari la Furaha lilikuwa ng'ambo ya barabara, naye ndani yake, hashuki; labda mtoto alimlilia aje kwangu mpaka akashindwa. Mtoto alikuwa na kitana mkononi, nywele zimefumuliwa tayari.

Nikageuka. Mgeni wangu alikuwa amesimama. Kwa mara ya kwanza tangu aingie kwangu, alikuwa amesimama katikati ya sebule, amenyoosha mikono, vidole vinachezacheza kama vya msusi anayesubiri kichwa.

"Hodi!" Somo akasema tena.

Nikauma kitambaa cha mezani. Naapa, niliuma kitambaa ili neno lile lisinitoke.

"Hodi!" Mara ya tatu. Nilimfundisha pia kwamba ukipiga tatu bila kujibiwa, unaondoka bila kinyongo. Alisubiri kidogo. Kisha nikasikia viatu vyake vinashuka ngazi, na mlango wa gari ukafungwa. Mgeni akarudi kwenye kiti chake. Mimi nilikaa sakafuni nikalia mpaka sauti ikakauka.

Kwa hiyo nakuambia wewe unayenisikiliza, hasa kama umelelewa nilivyolelewa mimi. Ukiwa mahali ambapo hakuna nyumba nyingine, ukasikia mtu anapiga hodi kwa lugha ya mama yako, usiseme karibu. Uliza kwanza ni nani. Ataona huna adabu, na aone.

Na kuna jingine, ambalo si rahisi kulisema. Nimeshaulizia magari-nyumba. Najua yanakokodishwa na njia naikumbuka. Mimi ni mtu tu, na nimechoka, na Somo anakua bila mimi. Kwa hiyo nikikupigia simu siku moja, nikakuambia njoo tutembee jangwani, wewe na mimi tu, pilau nitapika mimi, kataa. Nikisisitiza, kataa. Na ukisikia ninalia, basi kata simu.