Mwiko wangu umevuka uzio

Jamani, leo bibi wa miaka themanini kaninyang'anya mwiko wa ugali!

Sydney bado tuko lokdauni, Neema wangu anasoma nyumbani. Mwalimu wa michezo kataka kila mtoto awe na utepe, ule wa kijiti unaozungushwa kwenye mazoezi ya viungo. Tutautoa wapi? Nikafunga kipande cha kitenge kwenye mwiko, mtoto akaanza kuzungusha uani.

Jirani yetu, yule bibi Mbulgaria, akapiga kelele uzioni. "No! No!"

Nikajua tu, anatuitia polisi.

Kumbe anautaka mwiko! Kaunyakua juu ya uzio, kaurusha juu, kaudaka nyuma ya mgongo, bila kuangalia.

"Nilikuwa bingwa wa utepe, Bulgaria nzima," akasema. "Magoti yamekufa. Mikono bado."

Jioni nikachungulia uzioni niuombe mwiko wangu, nipike. Nikamkuta anauzungusha peke yake, kafumba macho, anatabasamu.

Ningeuombaje?

Leo tunakula wali.